Chai ya Mjini, Asali ya Mgori

Mwezi Februari mwaka 2024, sukari ilipoadimika nchini na kilo moja kuuzwa kwa shilingi 4,000 na zaidi, niliketi kwenye benchi la mama lishe mmoja pembezoni mwa Kariakoo, nikaagiza chai ya rangi na chapati mbili. Mama akanyanyua kopo la sukari, akalitikisa mbele yangu ili nisikie mwenyewe kwamba ni tupu. "Mwalimu, leo imekwisha. Nikutilie ya nyumbani?" Akainama chini ya meza, akatoa chupa iliyowahi kuwa ya maji ya kunywa, sasa imejaa asali ya rangi ya kahawia iliyokolea.

Asali ile ilitoka Mgori, upande wa mashariki wa mji wa Singida, na mama yule pia alitoka huko. Mimi nilikulia Mgori katika miaka ya 1980, na jambo lililonishangaza asubuhi ile ni jinsi mambo yalivyogeuka. Utotoni kwetu asali ilikuwa kitu cha kawaida: dawa ya kikohozi, kinywaji cha sherehe, kitulizo cha mtoto anayelia. Sukari ndiyo iliyokuwa fahari. Ilipofika katika duka la kijiji iligawiwa kwa kipimo, na ilihifadhiwa kwa ajili ya mgeni. Kumpa mgeni chai yenye asali kulihesabiwa kuwa ni kukiri umaskini. Miaka arobaini baadaye, katikati ya jiji kubwa kuliko yote nchini, nilikuwa nakirimiwa kile ambacho mama yangu alikionea aibu.

Tangu siku hiyo nimekuwa na tabia ambayo wanafunzi wangu huiita ulafi, nami naiita utafiti. Kila wiki natembelea sehemu moja au mbili za kulia chakula cha bei nafuu: samaki wa kukaanga kule Feri, Kivukoni, mishikaki na chai ya maziwa yenye iliki katika mitaa ya Kisutu, kahawa chungu na kashata barazani Kariakoo, vitumbua vya alfajiri kituo cha daladala. Naonja, nauliza, naandika. Nimegundua kwamba historia ya Dar es Salaam tunayoifundisha imejaa bandari, reli, mashamba ya mkonge na vyama vya siasa, ila aliyewapikia makuli wa bandarini na wanachama wa vyama hivyo hayumo. Akitajwa, hutajwa kama kero.

Tuanze na maneno, kwa kuwa maneno hayaogopi mtu. Mgahawa, au mkahawa kama wengine wasemavyo, umetokana na kahawa, neno tulilolipokea kutoka Kiarabu. Maana yake ni kwamba katika pwani yetu, mahali pa kukaa na kunywa palipata jina kabla chai haijatawala. Muuza kahawa mwenye dele la shaba juu ya makaa, anayegonganisha vikombe ili watu wajue amefika, ni mrithi wa desturi hiyo. Chai ilikuja baadaye, kwa jina ambalo asili yake ya mbali ni China, likapita Uajemi na Bara Hindi kabla ya kufika kwetu. Sambusa ni ya Uajemi, chapati na bajia ni za Bara Hindi, halua na kaimati ni za Uarabuni. Andazi ni letu, kutokana na kuandaa. Na hoteli, neno la Kiingereza, likafika kwetu na kupoteza vitanda vyake: kwa Mswahili wa kawaida hoteli ni mahali pa kula, hata kama pana meza mbili na paa la bati. Mgeni anayedai kwamba vyakula vyetu vya mtaani havina historia anapaswa kusomewa ubao wa bei wa hoteli moja ya Kariakoo, neno kwa neno.

Lakini ubao huo hauelezi nani aliruhusiwa kula wapi. Dar es Salaam ilianzishwa na Sultani Majid wa Zanzibar katika miaka ya 1860, na mwaka 1891 Wajerumani waliifanya makao makuu ya koloni lao. Mwaka huohuo walitoa kanuni za ujenzi zilizoanza kuupanga mji kwa aina ya nyumba, na aina ya nyumba ilikuwa njia ya heshima ya kutaja rangi ya mtu. Waingereza waliendeleza mpango huo: Uzunguni kando ya bahari, Uhindini katikati, na ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja, Waafrika. Eneo hilo la Waafrika lilirithi jina lake kutoka Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza ambao walikufa kwa makumi ya maelfu kwa njaa, magonjwa na uchovu. Huwa nawakumbusha wanafunzi kwamba soko kubwa kuliko yote la chakula nchini limepewa jina la watu waliokosa chakula.

Mji wa namna hiyo ulihitaji hoteli kwa sababu moja iliyo wazi. Mwajiri wa kikoloni alimlipa Mwafrika mshahara wa mtu mmoja asiye na mke, kwa dhana kwamba familia yake inajilisha kijijini. Mtu huyo alipanga chumba kimoja katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, uani kukiwa na jiko la pamoja ambalo hakuwa na muda wala ujuzi wa kulitumia. Alikunywa chai na mkate asubuhi kwa muuzaji wa jirani, akarudi jioni kutafuta wali au ugali. Hivyo hoteli na wauza uji hawakuwa pambo la mji. Walikuwa sehemu ya mshahara ambayo mwajiri alikataa kuilipa. Kila sahani iliyouzwa kwa bei ya chini ilikuwa ruzuku kwa bandari, kwa reli na kwa ofisi za serikali.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili jambo hili lilijitokeza bila kificho. Chakula kilipopungua, serikali ya kikoloni iliweka mgawo, na mgawo huo ulifuata rangi: Mwafrika alitazamiwa kula mahindi, na wengine wakafikiriwa kwanza kwa mchele na ngano. Maofisa waliamini kwamba kila taifa lina tumbo lake. Mtu aliyekwisha kuzoea mkate na chai ya sukari kwa miaka kumi akaambiwa kwamba hivyo si vyakula vya asili yake. Mwaka 1944 ikatungwa sheria ya kuwaondoa mijini Waafrika waliohesabiwa kuwa hawatakiwi. Mwanahistoria Andrew Burton, katika kitabu chake cha mwaka 2005 kuhusu tabaka la chini la Waafrika wa Dar es Salaam, ameonyesha jinsi misako hiyo ilivyokuwa sehemu ya kawaida ya utawala wa mji. Mtu asiye na kazi ya kuajiriwa aliitwa mhuni, akarudishwa kwao. Kuuza vitumbua hakukuhesabiwa kuwa kazi. Mwaka 1947 makuli wa bandari waligoma, na mgomo wao ukaenea nje ya mji. Walipolalamikia mishahara, walikuwa wakilalamikia pia bei ya sahani.

Uhuru ulipokuja mwaka 1961 ungeweza kuifuta dhana hiyo. Haukuifuta. Nasema hivi kwa uchungu wa mtu aliyesomeshwa bure na taifa hilohilo. Mwaka 1957 jiji lilikuwa na watu wapatao 129,000; sensa ya mwaka 1978 ilikuta zaidi ya 840,000. Watu hao wote walikula. Serikali ilijenga viwanda, ikaanzisha Shirika la Taifa la Usagaji, ikajenga jengo jipya la Soko la Kariakoo lililobuniwa na msanifu Beda Amuli na kukamilika katikati ya miaka ya 1970. Yote hayo yalikuwa mema. Lakini mwaka 1976 ikaja operesheni ya kila mtu afanye kazi, na mwaka 1983 Sheria ya Nguvukazi, na kwa mara nyingine mtu asiye na kitambulisho cha kazi rasmi akapakiwa kwenye lori kupelekwa mashambani. Waliokamatwa ni pamoja na wanawake waliokuwa wakiuza chakula. Msamiati ulibadilika, mhuni akawa mzururaji, lakini lori lilikuwa lilelile.

Kejeli ya miaka hiyo ni kwamba ndiyo miaka ambayo jiji lisingeweza kuishi siku mbili bila wanawake hao. Vita vya Uganda vya mwaka 1978 na 1979 viliifilisi hazina. Sukari, sabuni, mafuta na unga vilipatikana kwa foleni. Wazee wa Dar es Salaam bado hucheka wakikumbuka unga wa Yanga, ule wa mahindi ya njano kutoka Marekani, ambao mashabiki wa Simba waliula kwa kinyongo. Wapo wanaosimulia jinsi walivyokunywa chai kwa kung'ata pipi, tonge la chapati na pipi shavuni, kwa sababu sukari haikuwapo. Thamani halisi ya mshahara ilishuka kwa zaidi ya nusu ndani ya muda mfupi. Mtafiti Aly Mari Tripp, aliyekaa jijini mwishoni mwa miaka ya 1980, aliona kwamba familia za mjini zilikuwa zikiishi kwa vimiradi vidogo zaidi ya mishahara, na kwamba wanawake, wakiwamo wake wa watumishi wa serikali, walikuwa mstari wa mbele: maandazi, uji, barafu za watoto, samaki wa kukaanga. Mkurugenzi aliyesaini amri ya kuwaondoa wauza chakula alirudi nyumbani akala kwa fedha za maandazi ya mkewe. Sisemi hivi kumdhihaki. Ninataka tu lijulikane.

Hapo ndipo jina mama ntilie lilipokomaa. Mama, nitilie: sauti ya mteja mwenye haraka, sahani mkononi. Kwangu mimi ni jina zuri kupita yote, maana limetungwa na aliyekula. Baadaye likaonekana halina adabu, na katika barua na semina likawekwa mama lishe, kana kwamba mpishi ni tawi la Wizara ya Afya. Jina jipya lilimpa heshima, ila halikumpa mahali pa kukaa. Kuna somo katika hilo kuhusu namna utawala wetu unavyopenda kurekebisha maneno kwanza.

Wachache walifanikiwa kutoka mtaani. Said Salim Bakhresa, ambaye leo unga wake na aiskrimu zake ziko kila kona ya Afrika Mashariki, alianza biashara yake jijini kwa mgahawa mdogo katikati ya miaka ya 1970, akaingia baadaye katika usagaji wa nafaka. Hadithi hiyo hupendwa katika semina za ujasiriamali. Mimi huwa nawauliza wanafunzi wahesabu ni migahawa mingapi midogo ya wakati ule ambayo haikuzaa kiwanda, na ni kwa nini tunamkumbuka mmoja tu.

Nirudi kwenye chai, maana imeanza kupoa. Majani ya chai yamejaribiwa katika ardhi yetu tangu enzi ya Wajerumani, kwenye kituo chao cha utafiti cha Amani, Usambara, kilichoanzishwa mwaka 1902. Kilimo chake cha biashara kikashika kasi kuanzia miaka ya 1920, Usambara, Mufindi na Rungwe. Zao hilo lilipandwa kwa ajili ya meza za Ulaya, na kwa miongo mingi chai yetu nzuri ilipelekwa mnadani Mombasa. Mnywaji wa Kariakoo alizoea vumbi la chai, akalifanyia ufundi: tangawizi ya kuchoma koo, mdalasini, iliki, mchaichai. Chai ya rangi yenye tangawizi, ambayo sasa hoteli za kitalii huiuza kama upekee wa Uswahilini, ni jibu la maskini kwa majani hafifu.

Na jiji linalokunywa chai hiyo linalishwa na watu wasiolijua. Kachumbari ya Dar es Salaam ina vitunguu vyekundu vya Singida. Kuku wa kienyeji anayesifiwa katika migahawa ya Sinza na Mwenge mara nyingi amesafiri usiku kucha katika tenga juu ya basi kutoka kwetu. Abiria wa reli ya kati, ile iliyofika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912, wanaijua Saranda, ambako wauzaji hukimbilia madirisha ya mabehewa na kuku na wali kabla treni haijasimama sawasawa. Nilipokuwa kijana nikienda chuo kwa treni hiyo, nilidhani Saranda ni mahali pa kununua chakula tu. Leo naona kwamba hapo mkoa wetu ulikuwa ukizungumza na mji mkuu kwa lugha pekee ambayo mji mkuu uliielewa.

Kwa nini nimeitaja Mgori, basi, zaidi ya kumbukumbu za nyumbani? Kwa sababu Mgori kuna jambo ambalo watumishi wa halmashauri zetu za miji wangepaswa kulisoma. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilikusudia kuufanya msitu wa miombo wa Mgori, takriban hekta 44,000, kuwa hifadhi yake. Fikra ilikuwa ileile ya jiji: watu wanaharibu, kwa hiyo waondolewe. Wanavijiji walikuwa wakiweka mizinga humo, wakichunga, wakichuma dawa, na kwa maneno ya maofisa wao ndio waliokuwa tatizo. Kisha, kwa majadiliano marefu ya mikutano ya vijiji, mpango ukageuzwa. Vijiji vitano vikapewa kila kimoja sehemu yake ya msitu, vikatunga sheria ndogo, vikachagua walinzi, vikatoza faini. Pamoja na Duru-Haitemba ya Babati, uzoefu huo ulichangia Sera ya Misitu ya mwaka 1998 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Sisemi kwamba shoka liliacha kulia, wala kwamba mambo yalibaki vile milele. Nasema kwamba, kwa kipindi kile, dola ilimuuliza anayeutumia msitu namna ya kuulinda, na anayeutumia alikuwa na jibu.

Jijini swali hilo halijaulizwa kwa dhati. Tumepata badala yake mizunguko ya ruhusa na marufuku. Mwaka 2015 kipindupindu kilipozuka, muuza chakula wa barabarani akawa mtuhumiwa wa kwanza, ingawa maji na vyoo havikuwa mikononi mwake. Desemba 2018 Rais Magufuli alitoa vitambulisho vya wafanyabiashara wadogo kwa shilingi 20,000, na kwa muda watu wakapumua. Mwaka 2021 ikaja amri ya kuwapanga upya, na kufikia Oktoba vibanda vingi vya Dar es Salaam vilikuwa vimebomolewa. Kupanga mji si kosa. Barabara ni ya watembea kwa miguu, na mtaro si mahali pa jiko. Lakini kupanga kwetu huanza na swali "wakae wapi?" na kusahau swali linalotangulia, yaani "nani anakula, saa ngapi, na akitokea wapi?" Mama wa chupa ya asali alipelekwa kwenye soko la pembeni ambako hapiti mtu. Alikaa huko majuma matatu akiwapikia wauzaji wenzake ambao nao hawakuwa na wateja. Akarudi, kwanza alfajiri tu, kisha asubuhi nzima.

Wanaomtafuta kwa wingi ni watu wa ofisi. Nimewahesabu kwa macho: ifikapo saa saba mchana benchi lake lina mashati meupe kuliko mashati ya rangi nyingine yoyote. Wali maharage, mchicha, kipande cha samaki. Kati yao wapo, bila shaka, wanaoandika taarifa kuhusu wafanyabiashara holela.

Katika Nyaraka za Taifa nimesoma majalada mengi ambayo wauza chakula wanatajwa na serikali. Wanatajwa kama uchafu, kama msongamano, kama hatari ya moto. Sikuwahi kuona jalada ambalo serikali inatajwa na wauza chakula, hadi asubuhi ile ya Februari. Nilipomaliza chai nilitaka kulipa, na mama akatoa daftari la shule lenye jalada lililolainika kwa mafuta, akalifungua ili aone kama nina deni la nyuma. Sikuwa nalo. Lakini niliona kurasa zimepigwa mistari kwa rula, majina upande wa kushoto, tarehe, kiasi, na alama ya vema kwa waliolipa. Mbele ya baadhi ya majina aliandika idara. Tarehe za kulipa zilijikusanya zote mwisho wa mwezi, mishahara inapotoka, na katikati ya mwezi ukurasa mzima ulikuwa mweupe bila alama hata moja.

Nikamweleza kwamba mimi nafundisha historia, na kwamba daftari kama lile lina thamani kubwa. Nikamwomba ruhusa nipige picha kurasa mbili tatu, hata kama ni kwa kuficha majina.

Akalifunga, akaliweka chini ya meza karibu na chupa ya asali.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Humu mna majina ya watu wakubwa. Wakijua unayo picha, hawatarudi kulipa."